Uzi: Mifuatano ya namba inayozaliwa na sura ya binari, na siri ya vigawe vya 3

#1 | hesabu_daima (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Chukua namba kamili yoyote, iandike kwa binari, yaani kwa 0 na 1 peke yake, halafu itazame sura yake. Ina 1 ngapi? Kuna 1 mbili zilizokaa bega kwa bega? Mwishoni ina sifuri ngapi? Kila swali la aina hii linazaa mfuatano wa namba. Ile ensaiklopidia ya mifuatano ya mtandaoni, OEIS, ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi, leo ina mifuatano zaidi ya 350,000, na ya familia hii imejaa humo.

Nataka tuijadili kwa undani, kwa sababu mara nyingi naona watu wanaipita wakidhani ni mchezo wa kupanga tarakimu. Mimi nasema hapana. Sura ya namba katika binari inashikana na hesabu yenyewe: kugawanyika, kujumlisha, hata namba tasa.

Tuanze na swali jepesi kuliko yote: idadi ya 1 ni shufwa au witiri? Mfano 13 ni 8 + 4 + 1, kwa binari 1101. Ina 1 tatu, kwa hiyo ni witiri. Tuite kundi A zile zenye idadi shufwa, na kundi B zenye idadi witiri.

A: 0, 3, 5, 6, 9, 10, 12, 15, 17, 18, 20…
B: 1, 2, 4, 7, 8, 11, 13, 14, 16, 19, 21…

Ukizipanga namba kuanzia 0 na kuandika herufi ya kundi la kila moja unapata

A B B A B A A B B A A B A B B A…

Huu ndio mfuatano wa Thue–Morse. Eugène Prouhet aliufikia mwaka 1851, Axel Thue mwaka 1906, Marston Morse mwaka 1921, kila mmoja akitokea upande wake. Ukitaka kuurefusha, chukua ulichonacho, geuza kila A iwe B na kila B iwe A, kisha bandika mwishoni. Sababu iko wazi: kuiongezea namba 1 mpya upande wa kushoto kabisa kunaihamisha kutoka kundi moja kwenda jingine.

Sasa tazameni namba 0 hadi 15. Nane ziko A, nane ziko B.

Jumla ya A ni 60. Jumla ya B ni 60.
Miraba ya A jumla yake 620. Ya B 620.
Vipeo vya tatu: A 7,200. B 7,200.

Fanyeni wenyewe kwa kalamu, msiniamini mimi. Mkienda hadi 31, usawa unafika kipeo cha nne. Mkienda hadi 63, cha tano, na unaendelea hivyo kila mnapoongeza maradufu. Hilo ndilo jambo la Prouhet la 1851. Tumegawa namba kwa kuhesabu 1 tu, hakuna aliyegusa miraba wala vipeo, na bado mizani imekaa sawa kabisa.

Karibuni.

#2 | mdadisi_k

Mkuu nimejaribu 0 hadi 7 kwanza. A: 0, 3, 5, 6. B: 1, 2, 4, 7. Jumla 14 na 14. Miraba 70 na 70. Vipeo vya tatu vikakataa, 368 kwa 416. Kwa hiyo kila ukiongeza biti moja (nafasi moja ya 0 au 1) unapata kipeo kimoja zaidi. Safi sana hii.

#3 | mwamba_wa_logiki

Mleta uzi, heshima kwako, ila nina pingamizi. Binari ni namna mojawapo tu ya kuandika. Namba 13 inabaki 13 hata ukiiandika kwa mfumo wa kumi au wa saba. Idadi ya 1 ni sifa ya maandishi, haihusiani na namba yenyewe. Kugawanyika kwa 3 ni sifa ya namba. Sasa utaniambiaje kwamba hivi viwili vinajuana? Huo usawa wa vipeo ni mzuri, lakini umetokana na jinsi ulivyolipanga kundi lenyewe kwa maradufu.

#4 | hesabu_daima

@mwamba_wa_logiki pingamizi lako ndilo nililolisubiri, na mfano wa 3 umeuchagua vizuri.

Kama kugawanyika kwa 3 hakujuani na idadi ya 1, basi vigawe vya 3 vingegawana nusu kwa nusu kati ya A na B. Hebu tuvipitie: 0, 3, 6, 9, 12, 15, 18 vyote ni A. 21 ni 10101, ni B, hatimaye. Halafu 24, 27, 30, 33, 36, 39 vyote A. 42 ni B. Kisha A mfululizo mpaka 66.

Chini ya 100 kuna vigawe 34 ukihesabu na 0. Vilivyo B ni saba tu: 21, 42, 69, 81, 84, 87, 93. Vingine 27 viko A.

Kwa nini? Nafasi za binari kutoka kulia zina thamani 1, 2, 4, 8, 16, 32… Gawa kila moja kwa 3 uone baki: 1, 2, 1, 2, 1, 2… Na baki 2 ukigawa kwa 3 ni sawa na kupungukiwa 1. Kwa hiyo hesabu 1 zilizo kwenye nafasi za 1, 4, 16, 64. Toa 1 zilizo kwenye nafasi za 2, 8, 32. Tofauti ikiwa 0, 3, −3, 6 na kuendelea, namba inagawanyika kwa 3.

Tofauti ikiwa 0, idadi za pande mbili ni sawa, jumla yake lazima iwe shufwa, namba inaangukia A. Ili iingie B inahitaji tofauti ya 3 (au 9, au 15…), na namba ya kwanza yenye uwezo huo ni 1 + 4 + 16 = 21. Ndiyo maana tulisubiri mpaka 21.

Mwanahisabati Leo Moser alikisia kwamba A itaongoza daima, na Donald J. Newman akalithibitisha mwaka 1969: popote utakaposimama, hata ukihesabu mpaka matrilioni, vigawe vya 3 vilivyo A ni vingi kuliko vilivyo B. Hakuna siku B itaongoza, wala kufikia sare.

Sasa niambie, haya maandishi hayajuani na namba?

#5 | mwamba_wa_logiki

Sawa, nimeona sababu ya mwanzo. Lakini namba zikiwa ndefu, tofauti za 3 na −3 zitakuwa nyingi sana. Ningetegemea faida ya A iyeyuke. Inakuaje haifutiki?

#6 | hesabu_daima

Uko sahihi nusu, na hiyo nusu ni muhimu. Kwa uwiano, faida inayeyuka: sehemu ya A inakaribia nusu kadiri unavyoenda mbali. Kwa idadi, inazidi kukua. Hapa kuna hesabu fupi ambayo naipenda kuliko zote kwenye mada hii, ngoja niiandike yote.

Chukua namba zote chini ya 4, au 16, au 64, yaani kipeo fulani cha 4. Zigawe kwa baki zikigawanywa kwa 3: baki 0, baki 1, baki 2. Kwa kila fungu, hesabu A toa B. Tuite matokeo hayo p, q na r. Namba zote kwa pamoja ziko nusu kwa nusu, hivyo p + q + r = 0.

Sasa ongeza biti mbili upande wa kushoto. Kuna chaguo nne: 00, 01, 10, 11. Kwa kuwa vipeo vya 4 vyote vina baki 1 kwa 3, biti hizo zinaongeza kwenye baki 0, 1, 2 au 3.

Tunataka namba mpya zenye baki 0:

00 mbele: zamani zilikuwa baki 0, kundi halibadiliki. Zinachangia p.
11 mbele: zimeongezewa 3, baki haibadiliki, na 1 mbili hazibadilishi kundi. Zinachangia p tena.
01 mbele: zamani zilikuwa baki 2, na 1 moja inageuza kundi. Zinachangia −r.
10 mbele: zamani zilikuwa baki 1, kundi linageuka. Zinachangia −q.

Jumla: 2p − q − r. Lakini q + r ni −p. Kwa hiyo p mpya ni 3p.

Basi, ndiyo hivyo. Kila ukipanua uwanja mara nne, faida ya A kwenye vigawe vya 3 inakua mara tatu kamili. Chini ya 4 faida ni 2 (namba 0 na 3). Chini ya 16 ni 6. Chini ya 64 ni 18. Chini ya 256 ni 54. Chini ya 1,024 ni 162: vigawe 342, A 252, B 90. Ukifika 1,048,576 faida ni 39,366 kati ya vigawe 349,526. Yaani A imebaki na takriban 55.6%.

Mara tatu dhidi ya mara nne: ndiyo maana uwiano unashuka huku idadi ikipanda. Kilichobaki kwenye kazi ya Newman ni kuonyesha kwamba hata katikati ya vipeo vya 4 B haipati nafasi.

#7 | mwamba_wa_logiki

Nimeirudia mstari kwa mstari. p mpya = 3p. Pingamizi langu nimelitoa mezani. Sikutegemea ithibati ikae kwenye mistari minne.

#8 | fundi_programu

Naomba nilete swali la bega kwa bega, maana sisi wa programu tunakutana nalo. Namba zisizo na 11 popote:

0, 1, 2, 4, 5, 8, 9, 10, 16, 17, 18, 20, 21, 32…

Kuzikagua kwenye kompyuta ni mstari mmoja: (n & (n << 1)) == 0. Unaisogeza namba nafasi moja kushoto, unailinganisha na yenyewe; penye 1 juu ya 1 pana 11.

Na idadi zake: chini ya 2 ziko 2, chini ya 4 ziko 3, chini ya 8 ziko 5, chini ya 16 ziko 8, chini ya 32 ziko 13. Fibonacci. Sababu: ikianza na 0, zilizobaki ziwe chochote kinachoruhusiwa, ikianza na 1, inayofuata lazima iwe 0, ndipo uhuru urudi. Kwa hiyo kila idadi ni jumla ya mbili zilizotangulia.

Kuna jingine. Chukua namba hizohizo lakini nafasi zipe thamani 1, 2, 3, 5, 8 badala ya 1, 2, 4, 8, 16. Utasoma 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7… bila kuruka wala kurudia. Jaribuni 1010: 5 + 2 = 7, na kweli ni ya saba ukianza kuhesabu kutoka 0.

#9 | hesabu_daima

@fundi_programu asante, umenifungulia mlango. Mfuatano wako huu unajibu swali ambalo halina harufu yoyote ya binari.

Una vitu 3n, unachagua n kati yake. Idadi ya njia za kuchagua ni witiri lini?

n = 1: njia 3, witiri.
n = 2: njia 15, witiri.
n = 3: njia 84, shufwa.
n = 4: njia 495, witiri.
n = 5: njia 3,003, witiri.
n = 6: njia 18,564, shufwa.

Witiri kwenye 1, 2, 4, 5. Ni namba zako zisizo na 11.

Ufunguo ni wa Ernst Kummer, 1852. Ukitaka kujua idadi ya njia za kuchagua vitu a kati ya a + b inagawanyika kwa 2 mara ngapi, jumlisha a na b kwa binari, uhesabu umebeba mara ngapi. Hapa a ni n na b ni 2n, na 2n ni n iliyosogezwa nafasi moja, kama ulivyofanya kwenye msimbo wako. Kubeba kunaanza pale tu 1 inapokutana na 1, yaani n ina 11.

Kwa n = 5: 101 + 1010 = 1111, hakuna kubeba, 3,003 ni witiri. Kwa n = 6: 110 + 1100, unabeba mara mbili. Basi 18,564 igawanyike kwa 4 na iishie hapo: 18,564 ÷ 4 = 4,641. Witiri. Imekaa.

#10 | bao_na_farasi

Nachangia kidogo kutoka kwenye sataranji. Ule mfuatano wa A na B wa mwanzo una sifa kwamba hakuna kipande chochote kinachojirudia mara tatu mfululizo. Huwezi kukuta AAA, wala ABABAB, wala kipande kirefu cha namna hiyo. Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935, aliitumia sifa hiyo mwaka 1929 kuonyesha kwamba kanuni ya "sare ikiwa mfululizo uleule wa hatua umerudiwa mara tatu papo hapo" haitoshi kulazimisha mchezo uishe. Wachezaji wawili wakizungusha vipande kwa kufuata A na B wanaweza kucheza milele.

#11 | nyota_ya_biti

Mimi nauliza tukihesabu hizo 11 badala ya kuzikataza. Namba yenye 11 shufwa ipe +1, yenye 11 witiri ipe −1, zinazopishana zihesabiwe (111 ina mbili). Nimepata:

+ + + − + + − + + + + − − − + −

Huu nimewahi kuona unaitwa Rudin–Shapiro. Jumla yake inafanya nini ukiendelea kujumlisha? Mimi hadi 15 inatoka 1, 2, 3, 2, 3, 4, 3, 4, 5, 6, 7, 6, 5, 4, 5, 4.

#12 | hesabu_daima

@nyota_ya_biti ndio wenyewe. Harold Shapiro 1951, Walter Rudin 1959, na Marcel Golay naye alifika huko kupitia kazi yake ya vipimo vya mwanga.

Uitazame tena orodha yako ya jumla. 1 imetokea mara moja. 2 imetokea mara mbili. 3 mara tatu. 4 mara nne. Ukiendelea, 5 itatokea mara tano, na kila namba m itatokea mara m kamili, kisha haitaonekana tena. Hili limethibitishwa na John Brillhart na Patrick Morton. Jumla haishuki hata siku moja kufikia 0, na inakua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha urefu wa mfuatano. Kwangu huu ni mfuatano unaostahili uzi wake mwenyewe.

#13 | mdadisi_k

Maswali mawili kabla sijaenda kulala. Moja, namba tasa nazo zina upendeleo kama vigawe vya 3? Mbili, vigawe vya 7 vikoje? Nimeanza kuvihesabu naona B tupu.

#14 | hesabu_daima

Namba tasa: kwa uwiano hazipendelei. Christian Mauduit na Joël Rivat walithibitisha, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2010, kwamba ukienda mbali zinagawana A na B nusu kwa nusu. Swali lilikuwa limewekwa na Gelfond tangu 1968, kwa hiyo lilikaa zaidi ya miaka arobaini. Uone ugumu wake: kusema tu "nusu kwa nusu" kulihitaji muda wote huo.

Vigawe vya 7 umeona vizuri. 7, 14, 21, 28, 35, 42, 49, 56: vyote vinane vina 1 tatu kamili. Halafu 63 ina sita.

Sababu ni ndugu ya ile ya 3. Baki za nafasi ukigawa kwa 7 ni 1, 2, 4, 1, 2, 4… Jaribu kupata kigawe chenye 1 mbili tu: 1+1, 1+2, 1+4, 2+2, 2+4, 4+4 zinatoa 2, 3, 5, 4, 6, 8. Hakuna inayogawanyika kwa 7. Basi hakuna kigawe cha 7 popote, kirefu kiasi gani, chenye 1 mbili.

Sasa kaa ndani ya biti sita, yaani chini ya 64. Kigawe chenye 1 nne kingeweza kutolewa kutoka 63 kikabaki kigawe chenye 1 mbili, na hicho tumeona hakipo. Chenye 1 tano kingebakiza 1 moja, nacho hakipo, kwa kuwa 7 haigawi kipeo chochote cha 2. Zinabaki tatu au sita tu, ukiiacha 0. Na za tatu lazima zichukue moja kutoka kila aina ya baki: aina tatu, kila moja ina nafasi mbili, 2 × 2 × 2 = 8. Ndizo nane ulizoziona.

Baada ya 63 mambo yanachanganyika: 70 ni 1000110, B bado, lakini 77 ni 1001101, A. Mwenye kompyuta karibu ahesabu vigawe vya 7 chini ya 8, 64, 512, 4,096 na kuendelea, aweke hapa A toa B kwa kila kimoja. Hapa unaongeza biti tatu kila hatua, kwa kuwa baki za 7 zinajirudia kila nafasi tatu, na hesabu ya p, q, r itakuwa na mafungu saba badala ya matatu.

#15 | fundi_programu

Nimeiandika sasa hivi. Chini ya 8: 0 ni A, 7 ni B, sare. Chini ya 64: A mbili (0 na 63), B nane, yaani −6. Naendelea na 512, nitarudi.